Kubadilisha difu ya nyuma ya Impreza bila kuua giaboksi

Kama uko na Impreza ya zamani, zile saluni za 2000 hadi 2007 ama hata GC8 iliyotangulia, na ukipanda Timboroa mguu umekanyaga unasikia nyuma kunalia wuuuu, halafu ukiachilia mafuta mlio unabadilika ama unapotea kabisa, hiyo ni difu, ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa tairi mbili. Beringi ya gurudumu haifanyi hivyo, hiyo hulia kufuatana na spidi na ukikata kona uzito ukalala upande mmoja inazidi ama inanyamaza. Hakikisha hapo kwanza, juu kuna watu wameshusha difu nzima kumbe shida ilikuwa beringi ya tairi moja.

Mimi siamini sana kufungua difu na kubadilisha beringi za ndani. Kraunwili na pinioni, zile gia mbili za ndani, zinapangwa na shimu (vipande vyembamba vya chuma) na geji ya kupima, nafasi ya meno ikikosea kidogo mlio unarudi kabla mwezi uishe. Bora utafute nyingine nzima ya eks-Japan ufunge.

Sasa hapo kwa kutafuta ndio watu huumia. Subaru inavuta mbele na nyuma pamoja, kwa hivyo resho ya difu ya nyuma (shafti ya kuingia inazunguka mara ngapi tairi zikizunguka mara moja) lazima iendane na ya mbele iliyo ndani ya giaboksi. Kuna 3.545, kuna 3.7, 3.9, 4.111 na 4.444, na kwa macho zote ni chuma moja nyeusi yenye matope. Ukifunga ya 4.444 mahali ilikuwa 4.111 gari itawaka na itatembea vizuri tu, lakini mbele na nyuma zinavutana kila mita unayoenda, na kwa manual viskasi ya katikati (kifaa cha umajimaji mzito kinachoruhusu mbele na nyuma zipishane kidogo) inapata moto mpaka inakufa, kwa automatiki zile klachi za kupeleka nguvu nyuma zinaungua. Muuzaji akikuambia "hii inaingia Subaru zote", shukuru na uende duka linalofuata.

Usiende na namba za kitabu pia, juu kuna giaboksi zingine mbele ni 3.9 na nyuma ni 3.545, kuna gia katikati inasawazisha. Linganisha difu yako nzee na ile unanunua, basi. Kama kibandiko cha resho kimetoka, hesabu mwenyewe hapo hapo dukani: paka chaki kwa flenji ya mbele (pale propela shafti hufungwa), shikilia upande mmoja pale shafti ya gurudumu huingia usizunguke, halafu zungusha flenji polepole mpaka ule upande mwingine umalize mizunguko 10 kamili. Flenji ikienda karibu 20 na nusu hiyo ni 4.111, ikienda 22 na kidogo ni 4.444, 19 na nusu ni 3.9, 18 na nusu ni 3.7, na 17 na robo tatu ni 3.545. Kama ni LSD ngumu (difu inayobana pande mbili zisipishane sana) inakataa upande mmoja kubaki nyuma, wacha zizunguke pamoja, hapo mizunguko 10 ya shafti ni resho yenyewe mara kumi, yaani 4.111 inakuwa 41. Muuzaji atakuangalia vibaya, muache aangalie. Ukiwa hapo sikia kama flenji inacheza juu chini, na umwambie afungue nati ya oili. Ule uji mweusi kwa sumaku ni kawaida, vipande vya chuma unavyoweza kushika na kucha si kawaida.

Jambo lingine, hizi gari huwa na R160 ama R180, hizo ni saizi mbili za difu. R180 ndio kubwa ya STI (ile Impreza kali ya spoti) na inataka shafti zake, kwa hivyo usiichukue peke yake ati ni kali zaidi.

Kazi yenyewe, usiku wa kuamkia nyunyizia WD-40 kila bolti ya chini nyuma, hasa ile bolti ndefu inayoshika mikono miwili ya suspenshoni kwa habu (pale gurudumu hufungwa). Asubuhi tafuta mahali pa simiti, si kwa murram, jeki inazama. Legeza nati za magurudumu kama tairi ziko chini, weka mawe mbele ya tairi za mbele, inua nyuma yote na ukalishe kwa stendi mbili. Usiingie chini na jeki peke yake, hata ya dakika moja.

Kabla umwage oili fungua nati ya juu ya kujazia. Ikikataa kufunguka na ushamwaga ya chini, huna gari. Hizo nati kwa R160 zina shimo la pembe nne la nusu inchi, kwa hivyo unaingiza racheti ama pawa baa moja kwa moja bila soketi.

Toa ekzosi ya nyuma, raba zake zipake maji ya sabuni zitateleza. Halafu propela shafti: weka alama ya rangi kwa flenji zote mbili ndio irudi vile ilikuwa. Bolti ni nne, spana 12 ya ringi, si ya mdomo, juu kichwa kikiliwa hapo utalia. Weka gia fri, achilia handibreki uzungushe bolti ije mahali unaifikia, vuta handibreki ishike, legeza, achilia tena. Ukiwa peke yako ni kutoka na kuingia kama panya, tafuta kijana akae kwa usukani. Legeza pia bolti za beringi ya katikati ndio shafti ishuke kidogo, na uifunge na kamba isining'inie. Ikichomoka kwa giaboksi oili ya giaboksi itakufuata, weka mfuko wa plastiki na raba haraka.

Sasa ile bolti ndefu. Hii gari kama iliishi kule Japani kwa theluji na chumvi ya barabara, bolti imeshikana na chuma ya ndani ya bushi na haitaki kujua wewe ni nani. Rudisha nati mpaka ilingane na mwisho wa bolti halafu gonga nati na nyundo nzito, usigonge nyuzi. Ukiona bolti inazunguka lakini haitoki, ujue inazunguka na chuma ya bushi na raba imeraruka, hapo wacha kujidanganya ununue bushi mpya na bolti mpya. Moto wa gesi unasaidia lakini unachoma bushi, kwa hivyo ni kama ushaamua bushi inaenda. Toa pia bolti ya mkono wa mbele, na uangalie paipu ya breki na waya ya ABS visivutike habu ikienda nje.

Kuchomoa shafti kwa difu, weka mtaimbo mdogo kati ya mwili wa difu na kikombe cha shafti, piga mara moja ya nguvu fupi, itaruka. Usivute shafti yenyewe, joint ya ndani itaachana na buti (raba inayoifunika) itararuka. Na usikwaruze mahali oil seal inakaa.

Difu sasa imeshikwa na vishikizo vya mbele na nati mbili za nyuma. Weka jeki ya magurudumu na kipande cha mbao chini yake, legeza mbele kwanza, halafu nati za nyuma, uteremshe pole pole huku mtu anashikilia isipinduke. Si kitu ya kupokea na kifua.

Kabla ya kurudisha ile nyingine, badilisha oil seal mbili za pembeni na zile klipu ndogo za shafti, ni bei rahisi ukilinganisha na kushusha tena. Ya pinioni kama ni kavu usiiguse, nati ya pale inashikilia mkazo wa beringi na ukiilegeza ovyo umeharibu difu nzuri. Safisha na kale kapumulio ka juu (kashimo ka kutoa hewa), vumbi la Nakuru na matope yakikaziba presha inasukuma oili kupitia seal na watu wanalaumu seal.

Kurudisha ni kinyume: nyuma kwanza, halafu mbele, zote zikiwa legevu, ndio ukaze mwisho. Shafti ikiingia unasikia tak, ivute kidogo uhakikishe imeshika. Propela linganisha alama zako, toki (nguvu ya kukaza) ni 31 Nm. Bolti za suspenshoni usikaze kabisa gari ikiwa hewani, ishushe kwa tairi zake ndio ukaze, la sivyo bushi zinakaa zimejipinda na zinaisha haraka.

Oili ni ya gia, GL-5, 75W-90, R160 inameza kama 0.8 lita na R180 kama lita moja, jaza mpaka ianze kutoka kwa shimo gari ikiwa sawa. LSD ya sahani inataka oili ya LSD, ya viskasi haina haja.

Usijaribu kuingiza gia wakati nyuma iko kwa stendi na mbele iko chini, itaruka itoke. Ishushe, zunguka kiwanja tupu polepole, halafu toka kama kilomita tano barabara iliyonyooka. Ukisikia gari inajivuta kama handibreki imebaki juu, ama mkia wa giaboksi umekuwa moto sana, simama, hiyo resho si yake. Kama iko sawa, kesho yake pitia chini na tochi uangalie seal zote tatu.