Kufungua bolti iliyoganda bila kuikata

Huku Tanga hewa ya bahari haipumziki, na bolti za chini ya gari ndizo zinazoumia. Natengeneza Corolla yangu uani mwenyewe, na zinazonitoa jasho zaidi ni zile mbili zinazoshika braketi (kishikizo) ya kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, kwenye breki za mbele, za spana namba 17. Nitaeleza hizo. Ukiziweza, nyingine zitafunguka kwa mtindo huohuo.

Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, weka mawe nyuma ya matairi yanayobaki ardhini, nyanyua, kisha egemeza kwenye stendi. Usitegemee jeki peke yake hata kidogo. Utavuta kwa nguvu zote, na gari likiteleza litakulalia.

Fungua kalipa kwanza (bolti zake ni za 14) na uifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwenye mpira wake wa breki. Toa pedi, funika diski kwa nailoni, maana mafuta yakiingia hapo breki hazitashika.

Sasa brashi ya waya. Wengi wanairuka, nami naiona nusu ya kazi: kutu iliyojaa kwenye nyuzi zinazochungulia upande wa pili ndiyo itakayokwama njiani wakati bolti inatoka. Sugua mpaka uone chuma, halafu pulizia mafuta ya kufungulia kutu pande zote mbili. Pulizia jioni, rudia kabla ya kulala, fungua asubuhi. Mafundi wengine humwagia mafuta ya breki. Mimi siyapendi kwa sababu yanababua rangi.

Asubuhi gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo mafupi yaliyonyooka. Mtikisiko unapasua kutu na mafuta yanapata pa kupita. Kisha ivishe boksi (spana ya kikombe inayofunika kichwa chote cha bolti) ya kona sita. Ya kona kumi na mbili hushika kwenye ncha tu, ikiteleza kichwa kinaliwa. Tumia mkono mrefu usio na racheti (meno ya ndani yanayouwezesha kurudi nyuma bila kugeuza bolti). Ukitaka kuurefusha kwa bomba, sawa, lakini racheti ukiivisha bomba utaivunja meno.

Angalia upande unaovuta! Vichwa vya bolti hizi vinatazama ndani, kwenye injini. Ukikaa nje ukipapasa kwa nyuma, mkono unageuka na unajikuta unakaza. Jiwazie umekaa upande wa kichwa, ndipo uzungushe kinyume cha saa.

Anza kwa kukaza kidogo, kisha legeza. Ikilia na kusogea, usishangilie na kuvuta moja kwa moja. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mafuta tena. Mkono wako utakuambia: bolti inayofunguka inaachia ghafla kisha inazunguka kwa uzito ule ule, lakini inayotaka kukatika inavutika kama mpira bila kuachia. Ukihisi hivyo simama papo hapo.

Hapo ndipo moto unapohitajika. Pasha chuma kilichoizunguka bolti, si bolti yenyewe, ili tundu litanuke. Futa mafuta yote kwanza, ondoa nailoni, na weka moto mbali na mipira na waya za sensa. Usipashe chuma kilichopuliziwa dawa ya kusafishia breki: zile zenye klorini zikipata moto hutoa gesi ya sumu inayoharibu mapafu.

Kichwa kikishaliwa, gongelea boksi ya 16 ya kona sita. Ikishindikana, mwite mchomeleaji akuwekee nati juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe hulegeza kutu. Mwambie atoe waya wa betri kabla hajawasha mashine.

Iliyotoka kwa tabu usiirudishe. Nunua mpya, safisha nyuzi za tundu, na uikaze kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako.