Bangkok: usiishie Wat Arun
Ukishamaliza Wat Arun (wat ni hekalu la Kibuddha), shuka kusini kidogo, ng'ambo ileile ya mto Chao Phraya, hadi mtaa wa Kudi Chin. Nenda asubuhi, jua halijawa kali, na uvae viatu vya kuvua upesi, maana hekaluni unaingia peku. Wat Kalayanamit ina sanamu kubwa ajabu ya Buddha aliyeketi. Mbele kidogo kuna kanisa la Santa Cruz, la jamii ya Wareno tangu karne ya 18. Vichochoro ni vyembamba na watu wanaishi humo, basi salamu kwanza, kamera baadaye. Halafu fuata harufu ya vikeki vya mayai ya bata: juu zabibu kavu, ukingo mkavu unaovunjika mdomoni. Nunua vikiwa moto. Ukiwa na watoto, wapeleke Wat Prayun wakawalishe kasa bwawani.