Namna ya kutoa ushuhuda kwenye jumuiya bila kuogopa na bila kutia chumvi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naandika hili kwasababu huku kwetu, kuanzia Masasi na Ndanda mpaka Nachingwea na Lindi mjini, jumuiya zipo na zinasali vizuri tu, ila ikifika sehemu ya kushirikishana watu wote wanaangalia mkeka. Mwenyekiti anauliza nani ana neno, kimya, alafu anainuka yule yule wa kila wiki. Na sio kwamba wengine hawana cha kusema, wanacho sana, ila wanadhani ushuhuda lazima mtu awe amefufuka au ameacha uganga.

Hapana. Yule kijana kipofu wa Yohana 9 Mafarisayo walimbana na maswali ya kidini akasema hayo hayajui, anachojua yeye alikuwa kipofu na sasa anaona. Basi. Na kanisa la Masasi lenyewe lilianza 1876 na watu waliokombolewa utumwani waliotoka Zanzibar na Askofu Steere wa Anglikana, hao ndio waumini wa kwanza, watu wenye stori nzito mwilini mwao, kwahiyo usione yako imechafuka sana haifai kusemwa mbele ya watu wa Mungu.

Sasa unafanyaje. Anza nyumbani kabla hujaenda. Chagua tukio moja, sio maisha yako yote tangu ubatizo. Jiulize hali ilikuwaje, nini kilibadilika, na leo uko wapi. Paulo mbele ya Agripa (Matendo 26) alipita njia hiyo hiyo, akaeleza alivyokuwa akiwatesa waumini, akaeleza yaliyomkuta njiani kwenda Dameski, akaeleza anachofanya sasa. Dakika tano zinatosha kabisa, watu wametoka shamba wamechoka.

Mfano mtu anaweza kusema hivi: "Msimu uliopita mvua ilinikutia korosho chini, zikaharibika, chama cha msingi wakaziweka daraja la pili. Nikamkasirikia Mungu, nikaacha kusali. Jirani yangu akawa anakuja jioni tunakaa tunabangua za kula, hasemi kitu, hanihubirii. Siku moja mimi mwenyewe nikamwambia dada tusali. Deni la salfa ya kupulizia mikorosho bado ninalo, ila nasali."

Angalia hapo hakuna muujiza wa pesa na deni halijaisha, lakini kila mwenye mikorosho pale kwenye mkeka ameguswa. Hapa nasema kwa uchungu kidogo, jamani tuache kuongeza. Mtu alipona malaria baada ya dozi anasema alipona bila dawa, kesho mama mwingine anamficha mtoto ndani badala ya kumpeleka hospitali. Kama ulikunywa dawa sema ulikunywa dawa na ukamshukuru Mungu, hiyo haipunguzi utukufu wake hata chembe. Na kama jambo bado halijaisha sema halijaisha, kuna mtu pale naye lake halijaisha na alikuwa anajiona yuko peke yake.

Alafu simulia lako, la mwenzio muachie. Ukitaka kueleza ndoa ilivyoyumba, ulevi wa mumeo ni siri yake pia, muombe ruhusa au ueleze upande wako tu. Mtoto aliyepata mimba shuleni usimtaje kabisa, hata kwa "binti flani wa hapa mtaani", wote wanajua ni nani.

Lingine la huku kwetu, familia zetu nyingi zimechanganyika, mjomba Mwislamu, shangazi Mkristo, kwenye msiba tunapika chungu kimoja. Kwahiyo kama ulitoka Uislamu eleza Kristo alivyokupata bila kuitukana dini ya mama yako. Pengine yeye ndiye aliyekufundisha kumuogopa Mungu, nalo liseme.

Lugha isikusumbue. Bibi akiona raha kusema kwa Kimakonde au Kimakua mwacheni aseme, kijana mmoja akae karibu atafsiri taratibu, nimeshaona bibi wa aina hiyo akiongea kwa Kiswahili anamaliza kwa maneno mawili, akirudi kwenye lugha yake mpaka mikono inaongea.

Na nyie mnaosikiliza mna kazi yenu. Mtu akianza kulia msikimbilie kuanzisha pambio, yani hili linaniuma, mama wa watu ndio kwanza anafika kwenye lile jambo lenyewe mwimbishaji kashapiga makofi na stori imefia hapo. Kaeni kimya, mpeni maji, msubirini amalizie. Akimaliza msimpe ushauri papo hapo wala msimuulize "sasa wewe kwanini hukuondoka mapema", mwombeeni kwa kile alichokitaja, kwa jina lake.

Simu ziwe chini. Asirekodiwe wala sauti yake isirushwe kwenye grupu la WhatsApp la parokia bila yeye kukubali, hata kama ushuhuda umekubariki kiasi gani. Na wiki inayofuata mtu mmoja apite kwake, hasa kama alisema jambo zito, amuulize tu "dada umeamkaje, lile jambo limefikia wapi?"