Kreni ya kamera kwa bomba moja la alumini

Boriti za mkoko hapa Lamu zinafaa sana kwa miguu mitatu ya kreni, ila usizifanye mkono: ni nzito na hazijanyooka. Kwa mkono chukua bomba la alumini la mraba, milimita 40 kwa 40, urefu mita 3. Toboa tundu la egemeo, yaani pale mkono unapobembea, sentimita 90 kutoka nyuma, upitishe bolti ya milimita 10 yenye washa za plastiki pande zote mbili. Bila washa mkono utakwaruza na picha itarukaruka.

Ili kamera isielekee juu mkono unapopanda, weka fito nyembamba sambamba chini ya bomba. Hapa ndipo wengi hukosea: umbali kati ya matundu ya juu na ya chini uwe sawasawa kwenye egemeo na kwenye kamera, hata tofauti ya milimita 5 huonekana.

Uzito wa nyuma: kamera na kishikio vikiwa kilo 1.5, utahitaji takriban kilo 5, kwa kuwa bomba lenyewe nalo huelemea mbele. Jerikani la lita 5 lenye mchanga mkavu latosha. Ongeza kidogo kidogo hadi mkono utulie wenyewe. Mchanga mbichi hukauka na mizani ikapotea.

Jerikani lifungwe mwisho, lifunguliwe kwanza. Ukitoa kamera kabla yake, mkono utafyatuka juu.

Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, usipige picha.