Ua jekundu linalotangulia majani: namna ya kulipanda Dodoma

Ni lile ua la duara kama mpira linalochomoza ardhini mvua za kwanza zikinyesha, bua tupu, majani hayajaonekana. Kitaalamu ni Scadoxus multiflorus, mmea wa asili ya Afrika. Ule "mpira" ni vijiua vingi, pengine hadi 200, juu ya bua moja.

Wengi wanaliua kwa maji. Kiangazi chetu kirefu ndicho kinacholifaa.

1. Panda Agosti hadi Oktoba, tunguu (kile kitunguu chake cha ardhini) likiwa limelala. Chagua gumu, likibonyea chini, limeoza.

2. Changanya ndoo 2 za udongo mwekundu, 1 ya mchanga wa korongo na 1 ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, usihangaike na shimo, tumia chungu chenye matundu, upana sentimita 20 hadi 25.

3. Shingo ya tunguu ibaki usawa wa udongo au juu yake kidogo. Ukilizamisha, utasubiri ua bila kuliona. Mahali pazuri ni chini ya mwarobaini, lipate jua la asubuhi tu. La mchana hubabua majani.

4. Subiri mvua. Zikichelewa, kuanzia katikati ya Novemba lipe lita 2 za maji kwa wiki. Ua hudumu wiki moja hadi mbili.

5. Likinyauka, kazi ndiyo inaanza: majani yanayofuata ndiyo yanayojaza tunguu chakula cha ua la mwakani. Usiyakate yakiwa mabichi. Yakianza kuwa ya njano, Mei hivi, acha maji kabisa mpaka Novemba. Usilionee huruma. Zungushia mawe, maana anayelima uwanja hajui kuna kitu chini.

Mmea mzima una sumu. Mbuzi na watoto wakae mbali. Nawa mikono ukishalishika.

MASWALI

– Mkuu, langu lina miaka miwili, majani tele, ua hakuna. Linapata maji kila siku pamoja na mchicha.
Hapo kwenye mchicha ndipo tatizo lilipo, halipati usingizi. Lihamishe Septemba, mara moja tu; mizizi yake haipendi kusumbuliwa, kwa hiyo linaweza kuruka msimu mmoja bila ua.

– Nimeokota mbegu zake nyekundu, nizikaushe?
Hapana, zikikauka zinakufa. Menya nyama yake, osha, ziweke juu ya mchanga wenye unyevu, usizifukie. Kutoka mbegu hadi ua ni miaka 3 hadi 5. Mwenye haraka atafute tunguu.

– Viwavi vyeusi vyenye madoa vimemaliza majani kwa siku mbili!
Vitoe kwa mkono jioni, dada, na ukague chini ya majani kuna mayai. Vikishamaliza majani huingia shingoni mpaka kwenye tunguu.