Sungura akianza kula banda

Mkiona sungura anatafuna mbao za banda au waya, msimgombeze. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na kukaa kutwa bila kazi kunamchosha. Mpe cha kutafuna.

Msitupe lile bomba la boksi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Lijaze nyasi kavu hadi zitokeze pande zote mbili, katikati ufiche kipande kidogo cha karoti, kama ukucha wa kidole gumba, kisha ubonyeze ncha ziingie ndani. Wangu alihangaika nalo karibu nusu saa: analirusha, analifuata, analirusha tena. Karoti yenyewe isizidi hapo, ina sukari nyingi.

Boksi kubwa la dukani nalo ni nyumba tosha. Toboa milango miwili, maana sungura hapendi kujificha mahali pasipo na njia ya kutokea. Bandua kwanza selotepu na pini zote, na lile linalong'aa kwa nailoni liache.

Kipande cha mkeka mkuukuu wa ukindu, usiotiwa rangi, atakichana kwa raha zake. Vijiti vya mforosadi au mpera pia anavipenda, mradi havikupuliziwa dawa. Mparachichi hapana kabisa, jani wala tawi, ni sumu kwake.

Na msimpe vyote siku moja. Mimi huficha kimoja, baada ya siku tatu nakirudisha, anakipokea kama kipya.