Gitaa la shingo mbili: anza na uzito

Unamwagiza fundi gitaa la umeme la shingo mbili? Rangi na mapambo baadaye, kwanza uzito. Gibson EDS-1275, lile la nyuzi 12 juu na 6 chini alilopanda nalo jukwaani Jimmy Page, mpiga gitaa wa bendi ya roki Led Zeppelin, huzidi kilo 5, bega litakusimulia. Mwambie fundi atumie mbao nyepesi au aache uwazi ndani ya bodi. Siku ya kulichukua, livae kwa mkanda mpana, uachie mikono yote miwili: vichwa vya gitaa vikiinamia sakafuni, mkono wa kushoto utakuwa unabeba badala ya kupiga. Dai pia swichi ya kuzima shingo usiyoipiga, la sivyo nyuzi zake zitavuma kwenye spika. Na kasha aliagize hapohapo, la kawaida halitalienea.